Kiti cha Kwanza ni Umma, Kiti cha Pili ni Biashara

Kwa Ndugu Afisa wa Mtandao Usio na Waya,
Baraza la Mji,
Ghorofa ya pili, mlango ulioandikwa "Sukuma" ambao hufunguka kwa kuvutwa.

Ndugu Afisa,

KUHUSU: OMBI LA KUONDOLEWA KWA MITANDAO MIWILI KATIKA DUKA MOJA LA KINYOZI

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba ofisi yako bado ni ofisi moja, yenye sakafu ya rangi moja, ambamo mtu anaweza kutoka mezani mpaka dirishani bila kubadilisha matumizi ya ardhi.

Mimi ni kinyozi wa kiti cha pili katika lile duka lililo kati ya fundi viatu na duka la madaftari. Kiti cha kwanza ni cha kaka yangu mkubwa. Duka tumeachiwa na marehemu baba, pamoja na kioo kimoja kirefu, mtoto wa meza mmoja wa kuwekea vifaa, na benchi la kusubiria la watu wanne, au watano wakiwa wanapendana.

Kabla sijaanza kulalamika sina budi kukueleza jambo la ndani, na nakuomba lisitoke kwenye jalada. Mimi na Kaka hatusemeshani. Huu ni mwaka wa tisa. Siku moja, akiwa anamnyoa mteja wake, nami nikiwa hatua mbili tu kutoka alipo, alisema kwa sauti kwamba "huyu mdogo wangu hanyoi, anafyeka." Duka zima lilicheka. Mteja niliyekuwa nimemshika kichwa alicheka kuliko wote, na hilo ndilo lililonichoma, maana kama kuna kufyekwa, aliyekuwa akifyekwa ni yeye. Tangu siku hiyo nasubiri Kaka aniombe radhi. Yeye, nadhani, anasubiri nisahau. Wote wawili tumejaliwa subira.

Usije ukadhani tumegombana. Duka tunalifungua pamoja na kulifunga pamoja. Mimi nashika kufuli, yeye anazungusha ufunguo. Kwa mama tunakaa meza moja na ananisogezea chumvi kabla sijaitafuta. Mke wangu na mke wake wanaitana dada. Ni kusema tu ndiko hatusemi.

Sasa ndipo ilipoingia ofisi yako. Mwanzoni mwa mwaka mlituletea ile Fomu ya Kuchagua Matumizi ya Mtandao Usio na Waya. Maelekezo yalikuwa wazi kabisa. Kila mahali pachague matumizi mamoja: A, mtandao wa biashara, wenye neno la siri, msimamizi, na orodha ya wateja, au B, mtandao wa eneo la umma, ulio wazi kwa kila apitaye. Weka alama kwenye kisanduku kimoja tu. Niliisoma mara tatu nikaona kwamba hatimaye Baraza limeandika kitu ambacho hakuna anayeweza kukikosea.

Moyoni mimi nilitaka B. Fundi viatu alikuwa kwenye kiti changu siku hiyo, nikamtuma amwambie Kaka kwamba naona umma. Akageuza shingo, akamwambia. Kaka akamjibu kwamba yeye anaona biashara. Jibu likanifikia salama, halijapungua neno. Nikalitafakari siku mbili. Nikasema, huyu ndiye mkubwa, acha nimpe. Nikaweka alama kwenye A na kuileta fomu kwenu kimya kimya, ili asije akajua kwamba nimelainika.

Kumbe Kaka naye alikuja kwenu akaomba fomu yake, akaweka alama kwenye B.

Kwa nini alifanya hivyo, sijui. Nalifikiria jambo hilo kila ninaponoa wembe. Sikuwa na namna ya kumuuliza, na kwa kweli barua hii yote inatokana na hapo.

Ofisi yako ikajikuta na fomu mbili za duka moja, zenye majibu mawili. Ofisi nyingine ingetuma mtu aje kuuliza. Yenu iliamua kuheshimu maoni ya wananchi wote wawili. Nimeambiwa mlifanya kikao. Siku ya Jumatano wakaja mafundi wawili wenye ngazi, wakafunga kisanduku chenye antena upande wa Kaka, na kisanduku kingine chenye antena upande wangu, na nyuma yao akaingia mpaka rangi mwenye kopo la njano. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, nami nimeyapanga kwa namba kama mpendavyo.

1. Mstari wa njano. Umepigwa kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, umepanda ukutani, ukapita juu ya kioo cha marehemu baba, ukaishia kwenye dari. Nilimwomba mpaka rangi auache walau kwenye kioo. Alinionyesha mchoro wake na kuniambia, "Ndugu, kioo hakimo kwenye mchoro." Upande wa kushoto sasa ni Eneo la Umma Namba Kumi na Saba. Upande wa kulia ni biashara. Benchi la kusubiria limekatwa katikati, na yule anayekaa katikati ya benchi, simu yake hupata mitandao yote miwili kwa wakati mmoja, ikawa inaruka huku na huku mpaka inapata joto. Mteja mmoja, karani wa stoo, alinisihi nimwambie akae wapi. Nilimshauri aegemee upande mmoja wa makalio, na nikaona aibu, kwa sababu mimi ni mtu mzima na hilo si neno la kumwambia karani.

Mtoto wa meza umeangukia upande wa umma. Humo mna poda yangu, brashi yangu na chanuo langu la meno mapana. Nilipotaka kuchukua poda, nikakuta kibandiko kinachosema kwamba vitu vilivyomo katika eneo la umma ni mali ya wananchi na visiondolewe. Mimi ni mwananchi, Ndugu Afisa. Lakini nikivuka mstari na ile poda nakuwa nimeiingiza kwenye biashara.

2. Vichwa. Hili nalisema kwa niaba ya vinyozi wote ambao hawajui kuandika barua ndefu. Mtu mwenye mtandao huinamisha kichwa. Awe wa umma, awe wa biashara, kichwa ni chini. Zamani mteja alikaa wima akajitazama kwenye kioo, akatoa maoni, akalalamika, tukaishi vizuri. Siku hizi anakaa, anainama, na ninachoona ni kisogo. Nimekuwa kinyozi wa visogo. Tembea mjini utaona mwenyewe: nyuma watu wamechongwa kama wanaenda kupigwa picha, mbele pori. Nimejaribu kunyanyua kidevu kwa vidole viwili, kwa adabu, kinashuka. Nimejaribu kupiga magoti nikanyoa kutoka chini, nikiwa natazama juu, na nywele zote zikaniingia mdomoni. Mke wangu ameuliza kwa nini magoti ya suruali zangu yanaisha kabla ya makalio. Nilimwapia kwamba ni kazi, tena kazi halali.

3. Kazi ya Kaka. Kwa kuwa kiti cha kwanza ni eneo la umma, mkaguzi wenu alikuja akasema ndani ya eneo la umma hairuhusiwi kufanya biashara, na kunyoa ni biashara. Kaka akaendelea kunyoa, kwa sababu alikuwa ameshafika sikioni. Mkaguzi akakaa kwenye benchi akapekua kitabu chake, na kwa huruma, nakiri hivyo, akamtafutia fungu linalomfaa. Sasa kwenye rejista yenu kazi ya kaka yangu imeandikwa hivi: Usafi wa Mazingira, Kifungu cha Ukataji wa Majani.

Ndugu Afisa, sitakuficha. Siku ile nilicheka. Baada ya miaka tisa, Baraza la Mji limemwandikia yeye, kwa mhuri, kwamba anafyeka! Nilicheka nikiwa nimegeukia ukuta, mabega yakitikisika, mpaka mteja wangu akauliza kama nalia. Lakini kesho yake Kaka alibandikiwa karatasi yenye maneno hayo juu ya kioo, upande wake. Nikamwona anaisoma. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena, halafu akachukua mkasi akaendelea na kazi. Kicheko kiliniisha hapo hapo. Kaka yangu ana mkono mwepesi kuliko kinyozi yeyote niliyewahi kumwona, hata marehemu baba. Huwapitishia wembe watu wakiwa wamesinzia na wakaendelea kusinzia. Nayaandika haya kwako kwa kuwa najua huwezi kumwambia.

4. Mtunza bustani. Kila eneo la umma, kwa taratibu zenu, hupata mtunza bustani mara mbili kwa wiki. Wa kwetu ni mtu mwema sana. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na mpira wa maji, akatazama sakafu ya saruji, akatazama karatasi yake, akasema, "Jamani, mimi nimeandikiwa lita hamsini. Nitazimwaga wapi?" Kaka akamwonyesha kwa kidole pembe iliyo karibu na ndoo ya takataka. Amekuwa akimwagilia hapo tangu siku ile. Maji hayajui mstari wa njano, Ndugu Afisa. Yanakuja upande wa biashara. Nywele zilizokatwa zikichanganyika na maji hayo zinajikusanya chini ya kiti changu. Wiki iliyopita mkaguzi aliziona, akaandika kwamba eneo limeanza kuota, na akaniletea kile kibao cha "Usikanyage Majani." Nimekikanyaga chenyewe mara mbili.

5. Usimamizi. Upande wangu, kwa kuwa ni biashara, umepewa msimamizi wa mtandao, na msimamizi ni mimi. Natakiwa kuwa na neno la siri lenye herufi kumi na mbili, tarakimu na alama ya kushangaa, na kulibadilisha kila Jumatatu. Ili wateja wasinisumbue niliandika neno hilo kwa sabuni kwenye ukuta wa nyuma, herufi kubwa. Nilisahau kwamba mteja wa kinyozi hutazama ukuta wa nyuma kupitia kioo. Wote waliliandika kinyumenyume. Mtandao ukawakatalia, wakanilaumu mimi, wakavuka mstari kwenda umma. Waliobaki wananyolewa wakijibu maswali ambayo kisanduku chenu kinawauliza kabla ya kuwafungulia: je, umeridhika na huduma? Mtu ndiyo kwanza nimemfunga shuka shingoni. Ataridhikaje? Wote wanajibu "siwezi kusema," na mwisho wa mwezi mkaniletea barua kwamba wateja wangu hawawezi kusema.

Na hapo mlisema kweli, ingawa hamkujua. Nakuja kwenye jambo kubwa.

6. Wateja hawasemi. Hili ndilo, Ndugu Afisa. Yale matano ya juu ningeyavumilia. Hili limenishinda.

Nilikuambia kwamba mimi na Kaka hatusemeshani. Basi pengine ulijiuliza, wakati unasoma, duka linaendeshwaje. Linaendeshwa na wateja. Kwa miaka tisa duka letu lilikuwa na mtandao wake, usio na waya, usio na antena, na wala haukuwahi kukatika hata siku ya mvua. Nikitaka mkasi mdogo nilimwambia mteja wangu, "Mwambie mwenye kiti cha kwanza kwamba naomba mkasi mdogo." Mteja alimwambia. Mkasi ulikuja kwa mkono wa mteja wa Kaka, ukapokelewa na mteja wangu, ukanifikia. Kaka akitaka kujua kama nitakwenda kwa mama Jumapili, swali lilikuja hivyo hivyo, na jibu likarudi kabla povu halijakauka kidevuni mwa mtu.

Walikuwepo wazuri na wabaya, kama mitandao yote. Mwalimu mstaafu alikuwa bora kuliko wote. Neno alilipokea kwa mikono miwili na kulifikisha lilivyo, na kama lilikuwa kali alilirudisha kwangu kwanza akaniuliza, "Una uhakika, bwana?" Mara nyingi sikuwa na uhakika. Fundi viatu alifikisha neno lakini kwa sauti ya watu wote. Dereva mmoja wa lori alikuwa akiongeza chumvi. Nilimwambia amwombe Kaka taulo, akamwambia kwamba nampongeza kwa uvumilivu wake. Taulo lilikuja limekunjwa vizuri sana siku hiyo.

Kwa njia hiyo nilipata habari kwamba Kaka amepata binti wa mwisho. Aliyeniletea alikuwa amenyolewa nusu kichwa. Akanipa habari, nikamwambia apeleke pongezi, akapeleka, akaleta shukrani, akapeleka swali la jina, akaleta jina. Alikaa saa mbili kwenye kiti na hakulalamika, na alipoondoka alikuwa amelowa machozi ya watu wengine. Kwa njia hiyo pia tulipanga matibabu ya mama alipovunjika mkono. Neno kwa neno, kupitia kwa mtu aliyekuja kupunguza ndevu tu.

Huo ndio mtandao mlioukata. Sasa kila mteja anakaa na vile vidude vya kuziba masikio, wa kulia yuko kwenye biashara yake, wa kushoto yuko kwenye umma wake. Nikimwambia, "Mwambie mwenye kiti cha kwanza," ananionyesha dole gumba, na neno linafia pale pale. Mwalimu mstaafu mwenyewe amepewa simu na mwanawe. Anatazama watu wakipika.

Wiki iliyopita Kaka alianza kukohoa. Kikohozi kile cha chini, kama alichokuwa nacho marehemu baba. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya pili nilimtuma mteja amuulize kama amekunywa dawa. Dole gumba. Nikamtuma wa pili. Akaniambia bila kunyanyua kichwa kwamba atanitumia baadaye. Wa tatu alikuwa amesikia, namshukuru, lakini badala ya kumgeukia Kaka aliiuliza simu yake, nayo ikamsomea maduka kumi na mawili ya dawa na saa za kufungua. Kaka akaendelea kukohoa hatua mbili kutoka niliposimama. Siku ya tatu, na hili nalisema waziwazi, niliacha kazi nikaenda kwa mke wangu dukani kwake nikamwomba ampigie mke wa Kaka amuulize Kaka. Mke wangu alichukua simu. Akasema, "Wewe una wazimu au una miaka tisa?" Akapiga. Jibu lilikuwa kwamba anakunywa tangawizi na hataki kusumbuliwa.

Nilirudi dukani nimevunjika moyo. Mtu anaweza kukaa miaka tisa bila kusema na kaka yake, Ndugu Afisa, iwapo ana uhakika kwamba akitaka kusema, watu watasema kwa niaba yake. Uhakika huo ukiondoka, kinachobaki ni ukimya mtupu, na mimi sikuuzoea. Unanitisha.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa sipendi kulalamika bila kutoa njia, naomba yafuatayo.

Kwanza, ondoeni mitandao yote miwili. Katika kuchagua kati ya biashara na eneo la umma ofisi yako haikukosea kuchagua, ilikosea kuuliza. Biashara hutaka mtu aingie, apate alichofuata, aondoke. Eneo la umma hutaka mtu akae bila sababu. Duka la kinyozi ni mahali ambapo mtu huingia, hupata alichofuata, kisha hukaa bila sababu. Hakuna kisanduku cha hilo kwenye fomu yenu. Nimeitazama pande zote mbili.

Pili, kama haiwezekani kuiondoa, itungwe sheria ndogo inayotaka kila kichwa ndani ya mipaka ya mji kiwe wima kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, isipokuwa kwa wanaosali na wanaotafuta kitu kilichoanguka.

Tatu, kama hilo nalo ni gumu, Baraza liwatambue wateja wa kinyozi kuwa miundombinu. Wahesabiwe, wapewe namba, na wakaguliwe masikio kila mwaka.

Nne, na hili ndilo ombi langu la mwisho na naamini ni la kiasi: aajiriwe mtu mmoja, akalishwe kwenye benchi juu ya mstari wenyewe, nusu yake umma na nusu yake biashara, asiwe na simu, asizibe masikio, na kazi yake iwe kupokea neno kutoka kulia na kulipeleka kushoto, na kurudi. Apewe kofia yenye antena ili mkaguzi asimsumbue. Napendekeza awe mwalimu mstaafu, iwapo mtamshawishi mwanawe achukue simu yake. Mtu huyo akiugua, alale kwetu. Mke wangu sijamuuliza lakini nitamtuma mtu amuulize.

Nikiwa na matumaini kwamba utalishughulikia jambo hili kwa uzito wake, nabaki kuwa mwananchi mtiifu, wa upande wa kulia.

Nisalimie mpokezi wenu, ambaye kisogo chake kimekaa vizuri lakini mbele arudi nimmalizie. Nisalimie mkaguzi na familia yake. Nisalimie mpaka rangi. Mwambie kuna tone la njano kwenye saa yetu ya ukutani na sasa haijulikani kama ni saa nane au umma. Nisalimie na yule fundi aliyesahau bisibisi yake dukani. Iko kwenye mtoto wa meza, kwa hiyo imeshakuwa ya wananchi.

Wako,
Kinyozi wa Kiti cha Pili,
Msimamizi wa Mtandao wa Biashara.

Nakala: Kiti cha kwanza, kwa mkono wa mteja, akipatikana anayesikia.

Nyongeza: Ndugu Afisa, barua hii niliiacha jana kwa mpokezi wenu, nikijua kwamba itakaa mezani kwako mpaka mwakani. Unayoisoma sasa ni ile nakala ya jalada langu. Nilikuwa nikiinakili asubuhi hii katikati ya kunyoa, nimefika kwenye saini, simu yangu ilipolia.

Ni ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Neno moja: "Umekula?"

Nilidhani ni matapeli. Kisha nikatazama kwenye kioo nikamwona Kaka. Hana mteja. Amekaa mwenyewe kwenye kiti cha kwanza, kichwa ameinamisha kama wote, miwani imeshuka puani, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga. Namba yangu ameitoa pale mlangoni, kwenye ile karatasi mliyobandika yenye jina la msimamizi na jinsi ya kumpata.

Nikajibu: "Bado." Akajibu: "Na mimi bado." Nikamuuliza: "Kifua?" Akajibu: "Kinaachia." Mteja wangu aliniuliza kwa nini nimeacha kunyoa. Nilimwambia nywele zimeniingia machoni.

Tangu hapo hajatuma kitu, lakini juu ya simu yangu pameandikwa kwamba anaandika. Inaonyesha hivyo, inaacha, inaonyesha tena. Sasa ni dakika arobaini. Anatumia kidole kimoja, na Kaka ni mtu wa kupima kwanza ndipo akate. Angeweza kunigeukia akasema, ni hatua mbili tu, lakini sisi si watu wa mambo ya ghafla.

Ila mmefanya jambo ambalo hamjawahi kulifanya tangu Baraza lianzishwe: barua ya jana mmeisoma jana. Mafundi wako wawili wako hapa na ngazi. Mmoja ameshapanda na amekishika kile kisanduku cha umma. Nimemwambia ashuke, anasema ana maagizo ya maandishi, na maandishi yenyewe amenionyesha, ni ya kwangu. Nimekaa kwenye ngazi ya chini ili asifike mbali. Nyongeza hii nampa mtunza bustani aje nayo mbio, ameacha mpira wa maji umefunguliwa.

Yote niliyoandika hapo juu, kuanzia salamu, nayafuta. Acheni mstari. Acheni vichwa viiname. Tafadhali mpigie fundi wako sasa hivi umwambie asikate kitu. Bado anaandika.